Nyaya za Akiba

Shimodani, 8 Januari 1991

Shemeji Jinpachi,

Kwa huzuni isiyo na mfano, na kwa niaba ya ukoo wote wa Tokuhara, walio hai na walio makaburini, natangaza kwamba juzi, saa tatu kasoro robo asubuhi, kwenye kona ya tatu ya mlima wa Okunoi, tofu zangu arobaini za soya, za kuuza, zilikata tamaa ya kufika juu. Zilirejea nyumbani pamoja nami, zikiwa ndani ya maji yao, bila kusema neno. Hakuna aliyeumia.

Baada ya tanzia hiyo, u hali gani? Nilipiga simu hospitalini kukutakia mwaka mpya, nesi akaniambia, "Mgonjwa haruhusiwi kuzungumza." Nikamwambia, mwanangu, sisi tumemwomba hivyo miaka arobaini, nyie mmempa dawa gani? Hakucheka. Basi nitaandika.

Pikapu ya marehemu kaka yako haivuti. Kwenye tambarare inakwenda, ila ikisimama inatetemeka kama mbwa aliyetoka kuoga. Ikiuona mlima inahema. Petroli inakunywa kama wewe ulivyokuwa unakunywa sake enzi zile. Nimeipeleka gereji ya karibu na daraja. Fundi wa pale, yule mwenye kipara, hata boneti hakufungua. Aliinama nyuma, akanusa moshi, akasimama.

"Mama, injini imekwisha. Tafuta nyingine."

"Na wewe nywele zimekwisha. Mkeo ametafuta mwingine?"

Akaniambia pia kwamba kwa moshi ule, ukaguzi wa mwaka hatupiti. Ukaguzi ni tarehe 19 Machi. Sasa hapo ndipo penye kazi. Mwanangu Hidetaka amesema nikikosa kupita, anakuja kunichukua niende kukaa naye Osaka. Ameshapima chumba. Ghorofa ya nne, na bafu lenyewe halitoshi kuloweka soya ya siku moja. Na kule kijijini juu, Okunoi, basi lilisitishwa tangu vuli. Nyumba kumi na moja, na aliye mdogo kuliko wote ana miaka sabini na mbili. Nisipopanda mimi, anapanda nani?

Kwa hiyo nipe shauri. Mimi sijagusa kitu chochote. Nilisafisha tu kila mahali mwisho wa mwaka, kama watu wote.

Shemeji yako,
Fusae


Tokushima, wodi ya tano, 12 Januari

Shemeji Fusae,

Pole kwa msiba. Mimi sijambo. Daktari anataka koo lipumzike mpaka maua ya cheri yachanue, ndiyo maana siji kwenye simu. Chakula ni uji. Jirani yangu wa kitanda ananikoromea usiku kucha, na siwezi kumjibu.

Huyo kipara asikutishe. Injini ile niliifungua mwenyewe miaka mitatu iliyopita na ndani ilikuwa safi. Usimpe mtu, usiiuze, na usimwambie Hidetaka neno.

Fungua boneti injini ikiwa baridi. Utaona nyaya nene nyeusi zinazotoka kwenye kofia ya mviringo, ile ya distribyuta, zikienda kwenye injini. Kila waya unaishia kwenye plagi. Zihesabu, kisha niandikie idadi. Usiandike kitu kingine, idadi tu.

Jinpachi


Shimodani, 15 Januari

Shemeji,

Nyaya ni nane. Nimezihesabu mwenyewe, mara mbili, miwani ikiwa machoni.

Umeniambia nisiandike kingine lakini wewe si mume wangu. Nataka kujua: silinda ni nne, hilo hata mimi ninalijua. Sasa plagi nane za nini? Kaka yako aliwahi kuniambia mara moja tu, tena akiwa anakula, kwamba "hii ina mbilimbili." Sikuuliza zaidi. Nilijua ni mtu makini. Mtu makini huweka akiba.

Fusae


Tokushima, 20 Januari

Shemeji,

Nane ni sawa. Basi ugonjwa uko kwingine, na itabidi nifikiri. Wakati nafikiri nikueleze, kwa sababu mchana huku ni mrefu na uji hauchukui muda kuisha.

Kumbuka jiko lako la zamani la kuni, lile la kuchemshia soya kabla hujahamia gesi. Siku kuni zikiwa kavu, unawasha upande mmoja tu na moto unakimbia wenyewe. Kuni zikiwa na unyevu, moto unatambaa, unafika nusu, unazimika, na jikoni hakukaliki kwa moshi. Ulikuwa unafanyaje? Nakumbuka vizuri, maana mimi ndiye niliyekuwa napuliza. Ulikuwa unawasha pande mbili kwa pamoja, mioto ikutane katikati.

Injini yako ni hivyohivyo. Walioibuni walitakiwa kupunguza sumu kwenye moshi. Basi wakafanya ujanja: sehemu ya moshi uliokwisha kuungua inarudishwa ndani ya silinda, ichanganyike na petroli na hewa mpya, ili moto usiwe mkali kupita kiasi. Moto mkali sana ndio unaozaa ile sumu. Ila mchanganyiko wa namna hiyo ni kuni mbichi. Cheche moja inauwasha kwa tabu, moto unatambaa polepole, na pistoni haingoji mtu. Inashuka kabla kazi haijaisha. Mabaki yanatoka nje yakiwa mabichi. Ndiyo harufu aliyoinusa kipara.

Kwa hiyo kila silinda ikapewa plagi mbili, moja upande unaoingilia hewa na nyingine upande unaotokea moshi. Zinapiga cheche kwa wakati mmoja. Mioto miwili inaanza pande mbili, kila mmoja unasafiri nusu ya njia, na shughuli inakwisha mapema. Cheche zenyewe zinatoka kwenye koili mbili, yale makopo mawili yanayofanana kama mapacha, kila koili na plagi zake nne.

Akiba hakuna pale, shemeji. Zote nane ziko kazini kila siku.

Ila injini hii ina tabia moja mbaya. Upande mmoja ukinyamaza wote, nne zilizobaki zinaendelea kuisukuma. Inawaka asubuhi, inakwenda sokoni, inarudi. Mwenye gari anaona kila kitu ni sawa. Anakuja kujua siku ya mlima.

Nijibu: petroli inanuka ndani au nje?

Jinpachi


Shimodani, 29 Januari

Shemeji mpendwa,

Samahani nimechelewa, kulikuwa na theluji na pia kulikuwa na mambo.

Kuna mtu mmoja ninayemfahamu. Humjui. Anauza vitu fulani kwa gari, na gari lake linafanana na langu. Huyu mtu, siku ya usafi wa mwisho wa mwaka, alifungua boneti ili apafute kwa sababu hakupata kupafuta mwaka uliotangulia na ilimuumiza roho. Akaona nyaya nane. Akawaza, marehemu mumewe alikuwa mtu wa akiba. Akachomoa nne za upande wa moshi, akajaribu injini, ikawaka. Akasema, ya nini kuzichosha zote? Akazifuta kwa kitambaa, akazifunga kwa gazeti, akaziweka kwenye kopo la biskuti, akaandika juu yake: "Zipo nzima, zitumike hizi zingine zikiisha." Alijisikia vizuri siku hiyo nzima. Hata akamsimulia jirani kwa kujivuna.

Juzi huyo mtu amezirudisha. Kwa kuwa anapenda utaratibu, alizipanga vizuri: ya kwanza kwa ya kwanza, ya pili kwa ya pili, ya tatu, ya nne, mfuatano safi kabisa kuzunguka kofia. Akawasha. Injini ikapiga kishindo mpaka kipaza sauti cha kuitia wateja kikaanguka kutoka juu ya paa. Jirani yake mzee Ebisuya alitoka amevaa kiatu kimoja, akapiga kelele, "Wamekuja nani?"

Anauliza afanyeje. Anasema pia kwamba nane ilikuwa kweli, kama mtu akihesabu na za ndani ya kopo.

Fusae


Tokushima, 2 Februari

Shemeji,

Nimecheka mpaka nesi akaja mbio. Kwa hali yangu kucheka hakuna sauti, kwa hiyo alidhani ninakufa.

Mwambie huyo mtu kwamba mimi simlaumu. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na minane na nimeona watu wakiharibu magari kwa uvivu, kwa ulevi na kwa hasira. Aliyeliharibu kwa kubana matumizi ni wa kwanza, na ningependa kumjua.

Sasa mwambie hivi. Silinda haziwaki kwa kufuatana kama watoto wa shule. Inawaka ya kwanza, kisha ya tatu, kisha ya nne, kisha ya pili. Zingewaka kwa foleni, injini ingejirusha kutoka kwenye gari. Zile nyaya nne za upande wa hewa, ambazo huyo mtu hakuzigusa, ziko katika utaratibu huo kwenye kofia. Aziangalie, kisha azipange za upande wa moshi kwa utaratibu uleule: moja, tatu, nne, mbili. Ile kelele ilikuwa cheche iliyofika chumba kisicho chake wakati mlango uko wazi.

Kuna jambo moja linanitia wasiwasi. Mwezi mzima koili ya upande wa moshi imekuwa ikizalisha cheche bila waya wa kuzipeleka. Cheche isiyo na pa kwenda inaila koili yenyewe kwa ndani. Kwa hiyo huenda gari likavuta vizuri robo saa, koili ikipata joto likalegea tena. Likifanya hivyo, mwambie huyo mtu asilie. Kwenye karakana yangu, rafu ya juu upande wa dirisha, kuna koili mpya kwenye boksi la manjano. Ufunguo uko kwa mama wa duka la sake. Achukue koili, afunge, atoke. Asianze kufanya usafi.

Jinpachi


Shimodani, 11 Februari

Jinpachi,

Leo sikuiti shemeji.

Lilivuta vizuri robo saa, kona ya kwanza, kona ya pili, nikaanza kuimba. Kona ya tatu likalegea kama ulivyosema. Nikaenda kuchukua koili. Boksi la manjano lilikuwepo. Na vingine vyote vilikuwepo, kila kimoja kimefungiwa kikaratasi chenye jina la mtu. Jeki: ya Ebisuya. Seti ya spana: ya fundi wa matrekta. Mashine ya kuchaji betri: shule ya ufundi. Taa yako, kiti chako, mpaka aproni yako. Nikazunguka nikitafuta jina langu. Nikalipata.

Bisibisi.

Miaka thelathini nakuletea tofu kila Jumanne, bure, na zile za kukaanga sikukuu. Bisibisi moja? Tena ya mpini uliopasuka?

Mama wa duka la sake alinimiminia chai akasema, "Aa, hukuambiwa?" Sikumwuliza kitu. Sitaki kuambiwa na mama wa duka la sake. Nataka kuambiwa na wewe. Umeniambia koo linapumzika mpaka maua yachanue. Watu hawagawi jeki kwa sababu ya koo linalopumzika.

Mimi nilidanganya kuhusu nyaya nane, nikakiri. Sasa wewe sema.

Fusae


Tokushima, 16 Februari

Shemeji Fusae,

Una haki ya kukasirika; hata hao wengine niliowaachia vitu vizuri kuliko wewe wangekuwa nayo.

Haya. Tarehe 4 Desemba walinitoa koromeo lote. Ulikuwa uvimbe. Wanasema wameutoa wote, na vipimo vya Januari vilikuwa safi, na vya Februari navyo safi. Sifi. Hilo usiogope. Ila sauti imekwenda nao. Napumulia tundu lililoko hapa chini ya shingo, limefunikwa kitambaa, kama mtoto anayekula. Maua yachanue yasichanue, haitarudi.

Nilifikiri: fundi gani asiyeweza kumwambia mteja gari lake lina nini? Nitasimama pale kaunta nikionyesha vidole? Nikaona ni afadhali vifaa viende kwa watu vikiwa bado na mafuta, kabla havijashika kutu. Niliandika vile vikaratasi siku moja kabla ya kuja huku, kwa haraka. Bisibisi ile ni ya kwanza niliyonunua kwa mshahara wangu mwenyewe, nikiwa na miaka kumi na saba. Sikuwa na kitu kingine ambacho si chuma tu.

Sikukuambia kwa sababu ungekuja, na ungekuja na ile pikapu, kupitia mlimani, wakati wa theluji.

Jinpachi


Shimodani, 19 Februari

Shemeji,

Nimesoma. Nikaketi. Nikaenda kumwaga maji ya soya, nikarudi nikasoma tena.

Sasa sikiliza wewe mjinga. Gari langu wewe umelitengeneza kwa barua. Hukuliona, hukuligusa, hukulisikia, na mteja wako alikuwa anakudanganya. Kipara wa darajani ana sauti kubwa kama honi ya meli, alisimama hatua moja nyuma yake, akasema injini imekwisha. Kati yenu nani fundi?

Sauti ya kaunta nitakuwa mimi. Tofu zinakwisha saa sita mchana. Kuanzia saa saba niko huru. Wewe utaandika, mimi nitasema. Nitakuwa naongeza maneno yangu kidogo, hilo ujue mapema.

Vikaratasi vyote nimevitoa. Nimebakisha kimoja. Bisibisi nimeichukua kwa sababu ni yangu.

Koili nimefunga jana. Kichwani nilikuwa narudia moja, tatu, nne, mbili, kama sala ya kuombea maiti. Ikisimama sasa haitetemeki. Niliweka bakuli la maji juu ya mfuniko wa injini, maji yakatulia.

Mlimani sijajaribu, theluji imefunga njia ya juu. Tuone tarehe 19.

Fusae


Tokushima, 8 Machi

Shemeji,

Hapa hospitalini kuna darasa, Jumatano na Ijumaa. Mwalimu ni mzee wa miaka themanini, naye hana koromeo. Anatufundisha kumeza hewa na kuirudisha juu, ili njia ya chakula ndiyo itetemeke badala ya nyuzi za sauti zilizoondolewa. Ni kucheua, kusema kweli, ila kwa adabu. Tuko tisa. Ukipita nje ya mlango utadhani ni bwawa la vyura.

Mwezi mzima sikutoa kitu. Jana nilimtazama nesi aliyekuja kuchukua sahani, nikameza hewa, nikasema: chai.

Akaenda akaleta chai.

Nimeandika kwa mama wa duka la sake kwamba karakana haiuzwi. Natoka tarehe 28. Kuhusu hayo maneno utakayokuwa unaongeza, tutazungumza. Maana yake mimi nitazungumza pia.

Usisahau kuipasha injini moto kabla ya kuingia ukaguzi.

Jinpachi


Shimodani, 22 Machi

Shemeji Jinpachi,

Imepita.

Niliipeleka mwenyewe mpaka kituo cha ukaguzi, nikiwa kwenye foleni ya mafundi wenye ovaroli, mimi na kilemba changu cha kuuzia tofu. Mkaguzi alinitazama, akatazama gari, akauliza, "Bibi, fundi wako yuko wapi?"

"Hospitalini."

"Na nani aliyekutengenezea?"

"Si huyohuyo."

Akachomeka mrija wao kwenye bomba la moshi. Nilifumba macho. Nilipofumbua, mshale ulikuwa umelala kule chini unakoanzia, na yeye alikuwa anakigongagonga kioo kwa ukucha akidhani kifaa kimekwama. Akachomeka tena. Ukalala palepale. Akagonga muhuri. Mafundi wawili wa nyuma yangu walikuja wakafungua boneti, wakatazama nyaya nane muda mrefu, na mmoja akaniomba anwani ya karakana yako. Nimempa. Nimemwambia foleni ni ndefu.

Nilimpigia Hidetaka. Akasema, "Lakini mama, nimeshanunua pazia." Nikamwambia atundike, atalala vizuri asubuhi. Mwishoni akacheka. Akaniuliza kama anaweza kuja mwezi wa Mei aone ninavyouza, anisaidie kubeba. Nikasema aje na viatu vya maana.

Kisha jana, njia ya juu ikiwa imefunguliwa, niliamka nikatengeneza tofu kama za sikukuu. Laini, ngumu, za kukaanga, na zile za kuchoma Okunoi wanazozipenda. Nilijaza pikapu mpaka springi zikalala. Kona ya kwanza gia ya pili. Kona ya pili gia ya pili. Kona ya tatu nilishika usukani kwa mikono miwili, nikamtaja kaka yako kwa sauti, na gari likapita pale kama hapajawahi kuwa na kona. Sikubadilisha gia mpaka juu. Miezi miwili na nusu sijafika kule, shemeji. Nilizima injini, nikavaa kilemba upya, nikawasha kipaza sauti nikaita kwa nguvu zangu zote.

Hakutoka mtu. Kwenye mlango wa ukumbi wao wamebandika tangazo: chama cha wazee wa Okunoi, wanachama wote, wamekwenda kuoga kwenye chemchemi za maji ya moto kwa basi la kukodi, siku mbili, warudi Ijumaa.

Niliuza tofu moja, kwa fundi wa simu aliyekuwa juu ya nguzo.

Fusae